Orodha ya Balozi Bukuru

Kirushya, Ngara
20 Agosti 1978

Babu na Bibi yangu wapendwa,

Shikamooni. Leo Jumapili, tarehe ishirini, naanza kuwaandikia, na naahidi kuwaambia yote, mazuri na mabaya, bila kuficha, kama Babu alivyoniagiza siku ya kuondoka. Mwalimu Ernesta ametufundisha kwamba barua ianze na hali ya mwandishi. Mimi sijambo. Mjomba Renatus hajambo. Mbuzi hawajambo, na yule mweupe amekula kanga ya Bibi niliyoianika uani.

Tangu mwondoke na Padre kwenda Kigoma zimepita wiki sita, na watu bado wananisimamisha njiani kuuliza kama ni kweli. Mzee Bukuru, balozi wetu wa nyumba kumi, anasema hajapata kusikia wamisionari wa Kihangaza. "Wamisionari wanatoka Ulaya na wana ndevu," anasema. "Gozbert ana ndevu tatu." Nilimweleza kwamba Babu amekuwa katekista miaka thelathini, na kwamba wakimbizi walioko Zaire tangu mwaka wa sabini na mbili wanasema Kirundi, ambacho ni ndugu wa Kihangaza chetu, ndiyo maana Kanisa limewachagua ninyi wawili. Alicheka. Lakini leo baada ya sala yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kama barua imefika. Ikifika nitaisoma kigangoni mbele ya wote, kama mlivyoagiza.

Bibi, nilipokuambia najua kupika nilisema hivyo ili uende bila wasiwasi. Maharage nimeyaunguza mara tatu. Mjomba alikula akasema, "Mama amekwenda kuwaokoa Wazaire, mimi ameniachia moto wa milele." Tulicheka sana. Lakini jana nilimwuliza kama nikifaulu darasa la saba atanisainia fomu ya sekondari. Akasema, "Na mbuzi? Na chungu? Mimi nimebaki ili wazee waende. Na wewe umebaki ili mimi niweze kubaki." Hapo hakuwa anacheka.

Mtihani ni mwezi wa kumi. Niombeeni.

Mjomba anaweka kidole gumba chake hapa chini kwa wino, kama kawaida ya asiyejua kuandika, kuonyesha kwamba barua ameisikia na ameikubali. Habari ya maharage nilimsomea, akasema iache. Habari ya fomu sikumsomea.

Mjukuu wenu,
Adelfina


Misheni, bonde la Ruzizi
Zaire, 8 Oktoba 1978

Mjukuu wetu Adelfina,

Marahaba. Barua yako imefika kwa mkono wa Padre aliyetoka Kigoma. Nimemsomea Bibi yako mara mbili, na mara ya pili alinisahihisha nilipokosea.

Tumepewa nyumba ya matofali mabichi, nusu bati nusu nyasi. Joto la bondeni halijui adabu. Saa saba mchana Bibi yako anatandika mkeka upande wa nyumba wenye kivuli, kivuli kikihama naye anahama, hadi jioni anakuwa ameizunguka nyumba nzima. Kiswahili cha huku tunakielewa nusu. Kirundi chao tunakielewa chote, nao wanacheka tukisema chetu.

Siku ya kwanza mama mmoja mzee alinitazama, akatazama nyuma yangu, akauliza, "Mzungu wako yuko wapi?" Nikamwambia sina Mzungu, ni mimi na mke wangu. Akasema, "Basi nguo atagawa nani?" Akaenda zake. Sasa anakuja kila siku. Nguo sina, lakini anasema anapenda kusikia mtu akisoma anayetamka maneno kama marehemu mumewe.

Nafundishia katika kibanda cha matete. Kuna mwanamume mmoja, jina lake sitalitaja kwa kuwa barua hii itasomwa mbele ya watu. Nikifika kwenye amri ya tano, usiue, anainuka na kutoka. Hatoki kwa hasira. Anatoka kama mtu aliyekumbuka kitu alichokiacha nyumbani. Sijajua nimwambie nini.

Bibi yako anataka maneno yake yaandikwe kama yalivyo, nisiyatengeneze. Haya: "Jirani zangu wananiletea machipukizi ya migomba, wanasema, mama, panda. Nasema asante, nayaweka kando ya ukuta yanakauka. Mwanamke akipanda mgomba amesema atakaa, na mimi sijasema. Renatus amekula nini leo?" Hili la mwisho ananiuliza kila jioni, kana kwamba nina macho ya kufika Kirushya.

Neno hili msomee Renatus mbele ya watu wote kigangoni, wajue: tuliweza kuondoka kwa sababu yeye alibaki. Kazi hii ni yake kama ilivyo yetu.

Habari ya fomu, faulu kwanza.

Babu yako,
Gozbert, katekista


Kirushya, Ngara
26 Novemba 1978

Babu na Bibi wapendwa,

Shikamooni. Mimi sijambo. Barua yenu ilifika, nami nikaisoma kigangoni Jumapili iliyopita. Watu walifurahi. Waliposikia habari ya Bibi na mkeka wake walicheka mpaka Mzee Bukuru akafuta macho. Niliisoma yote.

Labda huko mmekwisha kusikia kwamba nduli ameingia upande wa Missenyi, ng'ambo ya mto Kagera, na kwamba nchi yetu imeingia vitani. Tunasikiliza redio ya ofisi ya kijiji, watoto mbele na wakubwa nyuma. Malori yanachukuliwa kwa ajili ya jeshi. Sabuni hakuna, chumvi kidogo. Akina mama wa kijiji walisaga mahindi ya shamba la ujamaa, yakapelekwa kwa askari.

Vijana nao wameandikishwa mgambo. Balozi alikuja na karatasi, na kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri niliandika mimi, maana mwandiko wangu unasomeka. Walikuwa kumi na mmoja. Walikwenda kwa miguu hadi Ngara wakiimba, na wengine wao sijui kama walikuwa wanajua wanachoimba.

Mtihani nilifanya. Hesabu zilikuwa ngumu, Kiswahili chepesi.

Mjomba hajambo. Leo hakuweka kidole kwa sababu yuko kule itongo, kwenye shamba letu la zamani tulilohama wakati wa vijiji, anapalilia migomba, na Padre anayechukua barua hii hawezi kungoja.

Mjukuu wenu,
Adelfina


Kambini
17 Desemba 1978

Kwako Adelfina, mpwa wangu,

Mimi Renatus ndiye ninayesema. Anayeandika ni mwenzangu Ndikuriyo wa Kanazi. (Mimi Ndikuriyo nakusalimu. Mjomba wako anakoroma kama jiwe la kusagia.) Hilo sikulisema mimi, analiongeza mwenyewe.

Mimi ni mzima. Tunaamka mapema, tunakimbia, tunalala kifudifudi kwenye matope, tunaambiwa hatujalala vizuri, tunalala tena. Viatu walivyonipa ni vya mtu mkubwa, nimejaza majani makavu ya migomba. Chakula kipo. Maharage yao hayaungui, lakini hata ladha hayana, kwa hiyo sijui nani kati yenu ni hodari.

Sasa sikiliza. Wazee usiwaambie. Mama akisikia atarudi hata kwa miguu, na Baba ataaibika mbele ya Padre kwamba kazi imemshinda kabla mwaka haujaisha. Waambie nipo. Mambo haya yakiisha nitarudi, nao hawatajua kitu mpaka watakaponiona nimenenepa.

Kitu kimoja kinanikereketa. Siku ile Bukuru alipokuja kuniita nilimwambia, wazee hawapo, mwanamume nyumbani ni mimi peke yangu, na nyumba za namna hiyo wamesema zinaweza kuachwa. Akasema jina limekwisha kuandikwa na karatasi imekwenda. Hakunitazama usoni. Mzee aliyekunywa rubisi ya ndizi ya baba yangu tangu sijazaliwa. Nikirudi atanieleza mbele za watu. (Hapa nimeinua kalamu nikangoja. N.)

Fomu yako mpelekee Mama Clotilda, dada yangu, hapo Kanazi. Anajua kusaini. Umepata nafasi sasa, mimi sipo wa kukuzuia. (Hapa amecheka, lakini si sana.)

Tunaambiwa tutasogea mbele. Wapi, hawasemi.

Mjomba wako Renatus, na kidole chake hiki.


Misheni, bonde la Ruzizi
Zaire, 21 Januari 1979

Mjukuu wetu,

Marahaba. Barua yako ya Novemba imefika, na nyumba hii haina raha. Wafanyabiashara wa ziwani wanasema vijana wa Kagera wamechukuliwa wengi. Bibi yako alishika karatasi yako akaigeuza juu chini, akasema, "Haina kidole." Nikamweleza kwamba Renatus alikuwa shambani. Akasema, "Shamba halikimbii. Kidole angeweka asubuhi."

Haya ni maneno yake: "Nataka neno la Renatus mwenyewe na kidole chake. Aseme wamemchukua au hawakumchukua. Aseme tukae au turudi. Padre wa huku anataka tuahidi miaka mitatu mbele ya altare siku ya Pasaka. Renatus akisema rudini, nitarudi, hata Padre akilia."

Hapo yameishia maneno yake, na yafuatayo hayajui, maana sitamsomea.

Adelfina, nina miaka sitini na moja. Nimefundisha katekisimu maisha yangu yote kwa watoto wanaopiga miayo. Yule mwanamume niliyekuandikia habari zake, juzi alikaa hadi mwisho wa amri ya tano. Alikaa tu. Watu walipoondoka akabaki kunisaidia kuokota madaftari. Kazi hii naipenda kuliko kazi yoyote niliyopata kufanya, na naona haya kuipenda hivyo nikiwa nimewaacha ninyi peke yenu. Kama Renatus yupo salama na anasitasita tu kwa sababu ya uchovu wa shamba, mkumbushe kwamba baba yake hajawahi kumwomba kitu.

Usimsomee mtu sehemu hii.

Babu yako,
Gozbert


Kirushya, Ngara
18 Februari 1979

Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi Renatus nasema, na Adelfina anaandika kama kawaida.

Ni matumaini yangu kwamba mnaendelea vema na kazi ya Bwana. Mimi sikuchukuliwa. Waliochukuliwa ni wengine. Niko hapa nyumbani, migomba nimeipalilia, na mbuzi mmoja amezaa mapacha. Nakula vizuri, kwa kuwa Adelfina siku hizi haunguzi maharage. Amefaulu mtihani na amechaguliwa kwenda sekondari. Mwalimu Ernesta amewaandikia wamshikie nafasi yake hadi muhula wa Julai, ili nyumba isikose mtu kwa ghafla.

Msiwe na wasiwasi juu yangu. Kaeni. Wekeni ahadi hiyo ya miaka mitatu bila mashaka moyoni.

Kidole changu hiki hapa.

Mwana wenu mtiifu,
Renatus


Misheni, bonde la Ruzizi
Zaire, Pasaka, 15 Aprili 1979

Mwanangu Renatus na mjukuu wetu Adelfina,

Kristo amefufuka. Barua yako, Renatus, imefika Alhamisi Kuu, na leo mimi na mama yako tumeahidi. Tulisimama mbele ya altare, nikasoma maneno ya ahadi, na mama yako, ambaye tangu harusi yetu hajapata kusema kitu kanisani kwa sauti, akasema "ndiyo" hadi waliokaa nyuma wakasikia. Yule mama wa nguo alipiga vigelegele. Yule mwanamume wa amri ya tano alikuwa ameketi mstari wa mbele.

Adelfina, hongera kwa kufaulu. Nilijua.

Someni barua hii yote kigangoni. Majirani wajue kwamba kama kuna jema lolote linalofanyika huku, mwenye nalo wa kwanza ni Renatus.

Maneno ya mama yako, Renatus: "Jana nimepanda migomba mitano, nyuma ya nyumba, mahali maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika. Sasa nimesema. Lakini mwanangu, dole gumba lako limekonda. Nimeliweka karibu na lile la mwezi wa nane, ni kama la mtu mwingine. Unakula kweli? Na maneno yako yamekuwa mazuri, sijapata kukusikia ukisema 'ni matumaini yangu'. Baba yako anasema mtu hukua. Basi kua, lakini kula."

Baba yako na Babu yako,
Gozbert


Shule ya Sekondari ya Wasichana
Mkoa wa Mwanza
15 Julai 1979

Babu na Bibi,

Shikamooni. Safari hii sianzi na hali yangu. Naanza na Mjomba Renatus. Yu hai, na yuko nyumbani Kirushya. Bibi, lishike hilo wakati Babu anaendelea kukusomea. Na wewe Babu, nakuomba usiruke hata mstari mmoja.

Mjomba alichukuliwa na mgambo tarehe tisa Novemba. Alivuka mpaka, akapigana, akaumia goti la kushoto, akarudi tarehe ishirini na sita Mei akitembelea fimbo. Barua ya Februari hakuisema yeye. Niliitunga mimi, na kidole ni changu. Bibi, ulikiona.

Mjomba alikuwa amenikataza kuwaambia, na Babu alikuwa ameniandikia jinsi anavyoipenda kazi hiyo. Sababu hizo ni za kweli, lakini nimezitundika mbele kama pazia, na nyuma yake kuna nyingine.

Mzee Bukuru alipokuja na karatasi yake, Mjomba alikuwa itongo. Niliwaambia kwamba balozi haoni vizuri. Anaona. Ni kwamba anajua kuandika jina lake tu, na hataki watu wajue. Aliketi kwenye kigoda, akataja majina nyumba kwa nyumba, nami nikaandika. Alipofika kwetu aliinua mkono nisiandike kwanza. Akasema, "Hapa wazee wametumwa na Kanisa. Mwenyekiti amesema nyumba yenye mwanamume mmoja tu, balozi aamue. Wewe binti unaonaje? Tumruke?"

Asubuhi ile Mjomba alikuwa amerudia maneno yake, kwamba hata nikifaulu nitabaki jikoni. Nikasema, "Ana miaka ishirini na mbili, na ana nguvu."

Mzee Bukuru alinitazama. Akasema, "Basi andika."

Nikaandika Renatus Gozbert, kwa mwandiko wangu unaosifiwa. Nilifikiri ni mafunzo ya wiki chache, na kwamba atakaporudi atakuta Mama Clotilda amekwisha kusaini fomu. Nilikuwa nimesikia redioni kwamba ni vita. Nilisikia kama wengine walivyosikia.

Na hili la kigangoni. Kila barua yenu niliyoisoma pale niliruka maneno yaliyomtaja Mjomba, kwa sababu watu wote walijua hayupo na ninyi mliandika kama yupo. Nilipowaandikia kwamba niliisoma yote, nilidanganya. Baada ya barua ya pili watu walianza kusema, "Gozbert anawajali wakimbizi wa Zaire. Mwanawe yuko vitani, hata kumtaja hamtaji." Mama mmoja alinishika bega akasema pole, mjukuu, wazee wakifika mbali husahau. Nikasema asante. Babu, niliwaacha wakuseme hivyo miezi mitatu.

Mjomba aliyasikia maneno hayo wiki aliyorudi, mahali wanapokunywa rubisi. Alikuja akasimama mlangoni na fimbo yake. "Ni kweli Baba hajanitaja hata mara moja?"

Nikatoa barua zote, pamoja na ile ya Pasaka iliyokuwa imefika siku nne kabla, nikamsomea mwanzo hadi mwisho. Hata ile sehemu uliyonikataza, Babu, nilimsomea. Nilipofika pale unaposema "kazi hii ni yake kama ilivyo yetu", akasema, "Rudia." Nilirudia mara nne. Kisha akauliza mlipata wapi habari kwamba yuko nyumbani, nikamsomea nakala ya barua yake. Alicheka hadi akashika goti. "Ni matumaini yangu," akasema. "Kumbe mimi ni msomi." Hiyo ndiyo mara ya mwisho kucheka na mimi.

Maana jambo la Mzee Bukuru lilikuwa bado. Mjomba alikuwa haitikii salamu yake. Alisema kwenye mkutano wa kijiji atasimama amwulize, kwa nini nyumba ya katekista haikurukwa. Nikaenda kwa Mzee Bukuru, nikamkuta anatia mpini kwenye jembe. Nikamwuliza kwa nini hamwambii Mjomba ukweli.

"Ukweli upi?" akasema. "Kwamba balozi wa chama anaomba ushauri kwa mtoto wa shule? Orodha ilikuwa yangu, binti. Mkono tu ndio ulikuwa wako. Wewe nenda ukasome."

Nilikubali. Siku mbili nzima nilikubali, nikafunga madaftari yangu kwa kamba, na mara mbili nilimwona Mzee Bukuru akimsalimu Mjomba njiani, naye Mjomba akipita kimya kama aliyepita mti. Siku ya tatu tukiwa tunang'oa maharage nilimwambia.

Aliacha kung'oa. Akauliza, "Ulitaka niende?"

Nikasema, "Nilitaka niende mimi."

Tulifika mwisho wa mstari. Akasema, "Ile fomu ningekukatalia. Hilo ni kweli." Baadaye, akiwa ameinama kufunga mzigo, akasema, "Nenda kasome. Sitaki mkono huo unipikie."

Jioni alibeba kibuyu cha rubisi akaenda nacho kwa Mzee Bukuru, akichechemea, akakaa huko hadi wakati wa kufunga mbuzi. Mimi hakunisemesha tena siku kumi na moja. Alipika mwenyewe. Siku ya safari alitwaa sanduku langu akaliweka kichwani, fimbo mkono mmoja, akatangulia njia yote hadi stendi ya Ngara, nami nyuma nikiitazama ile hatua yake. Pale stendi nilimwuliza kama ana neno la kuwaandikia. Akasema, "Wazee waambie wewe. Hiyo haitakuwa na kidole changu." Basi lilipokuwa linaondoka alikuwa bado amesimama pale. Sijui alikuwa ananitazama mimi au anapumzisha goti.

Mimi nina kitanda cha chuma na dirisha. Nina madaftari sita mapya. Nilichokitaka nimekipata, na kila nikiandika jina la somo juu ya ukurasa naona ni mwandiko uleule.

Sasa ninyi mmeahidi miaka mitatu mbele ya altare kwa sababu ya barua yangu. Bibi amepanda. Yule mwanamume amekaa mstari wa mbele, naye akiwakosa ninyi sijui atakaa kwa nani. Na huku goti la Mjomba halikunji, itongo lina magugu, na nyumbani hakuna mtu wa kumtekea maji. Nimewaza upande mmoja, nikawaza upande wa pili, kila upande namwona mtu niliyemwumiza. Nilimwuliza Sista anayetufundisha dini, bila kutaja majina. Akafikiri sana, akasema ni swali la kumwuliza katekista wangu. Katekista wangu ni wewe, Babu.

Basi nakuuliza, na nakuomba unijibu kwa barua inayorudi, kwa maneno yako na ya Bibi, hata yakiwa makali, wala usiyatengeneze: ahadi ambayo mtu amempa Mungu kwa kuamini uongo wa mwingine, inamfunga aliyeahidi, au inamfunga aliyedanganya?

Adelfina